Mwulizaji na Mwulizwa

Elimu ya tabia za wanadamu, ambayo wenyewe huiita saikolojia, ina njia zake za kupata habari, nazo ukizihesabu si nyingi. Mchunguzi humwuliza mtu maneno; au humtazama bila kumwuliza; au humpa kazi aifanye, ili aone atakavyoifanya. Kisha huandika aliyoyapata, huyahesabu, na kuyalinganisha na ya watu wengine. Njia hizi tatu zimeleta faida nyingi. Lakini zina kosa moja ambalo latupasa kulichungua, nalo si kosa la hesabu, ni kosa la adabu na lugha. Neno letu ni hili: kumwuliza mtu ni tendo, na kila tendo kati ya watu wawili lina desturi yake. Basi asiyeijua desturi ya kuuliza katika nchi fulani, ajapokuwa na hesabu safi kabisa, hupima jambo jingine akidhani amepima akili.

Hatusemi haya kwa kuidharau elimu hiyo. Zamani wasafiri walipita nchi za watu wakaandika kwamba kabila hili ni wavivu na lile ni wajanja, na ushahidi wao ulikuwa safari moja na wapagazi wachache. Mchunguzi wa leo hana ruhusa hiyo. Hulazimika kueleza aliwauliza watu wangapi, kwa maneno gani, mahali gani, ili mwingine aweze kurudia kazi yake na kuisahihisha. Hata makosa tutakayoyataja twayajua kwa sababu wachunguzi wenyewe waliyaandika waziwazi, na hiyo ni sifa yao.

Tuanze na Wakpelle wa Liberia. Katika miaka ya 1960 Michael Cole, John Gay na wenzao kutoka Marekani walichunguza huko jinsi watu wanavyojifunza na kufikiri, na mwaka 1971 wakatoa kitabu juu ya kazi yao. Katika jaribio moja watu waliwekewa vitu 20 vya aina nne, kama vyakula, vyombo na zana za kazi, wakaambiwa waviweke pamoja vile vinavyopatana. Mchunguzi alitazamia kuona mafungu manne, vyakula mbali na zana mbali. Haikuwa hivyo. Kisu kiliwekwa na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho kikatacho chungwa. Jembe likawekwa na kiazi, kwa kuwa jembe ndilo lichimbualo kiazi. Kwa vipimo vya Ulaya, huku ni kufikiri kwa kitoto. Joseph Glick, mmoja wa wachunguzi hao, alieleza baadaye kwamba mtu alipopanga hivyo alisema ndivyo afanyavyo mwenye hekima. Mwisho mchunguzi akauliza, je, mpumbavu angefanyaje? Papo hapo vitu vikapangwa mafungu manne, sawasawa na kitabu kilivyotaka.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi mno, na si haki kukitwika mzigo uzidio nguvu zake. Kisa kimoja si hesabu. Hata hivyo chatufundisha kupambanua mambo mawili ambayo jaribio liliyachanganya, yaani kutoweza na kutochagua. Mwenye kupima aliona kwamba watu hawakufanya, akakaribia kuandika kwamba hawawezi. Kumbe walikuwa na elimu hiyo tangu mwanzo, ila waliiona kuwa ni ya kipumbavu, nao hawakutaka kujionyesha wapumbavu mbele ya mgeni.

Katika nchi hiyo hiyo, Gay na Cole walikuwa wamekwisha onyesha upande wa pili katika kitabu chao cha mwaka 1967. Waliwataka watu wakisie kwa macho mchele uliomo katika chombo ni vipimo vingapi. Katika kazi hiyo Wakpelle walikisia karibu na kweli, na Wamarekani wenye elimu ya vyuo wakakosa sana. Sababu haifichiki: Wakpelle ni wakulima wa mpunga, nao hupima mchele kila siku sokoni na nyumbani. Je, tungesema kwamba Wamarekani wale hawana akili ya hesabu? Hakuna aliyesema hivyo. Basi kwa nini hukumu iwe nyepesi hivyo inapoelekea upande wetu?

Mfano mwingine watoka mbali, katika Asia ya Kati. Miaka ya 1931 na 1932 Alexander Luria, mtaalamu wa Urusi, aliwachunguza wakulima wa Uzbekistani. Aliwatolea maneno ya mantiki: kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, kisiwa fulani kipo kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Baadhi ya wasiosoma walijibu kwamba wao hawakufika huko, nao hawawezi kusema juu ya wasiyoyaona, aulizwe aliyekwenda. Luria aliona hapa dalili ya kwamba mtu asiyesoma hushikamana na aliyoyaona kwa macho tu. Pengine ni kweli kwa sehemu. Lakini sisi tuliokulia penye baraza la wazee twasikia jambo jingine katika jibu hilo. Twamsikia shahidi mwaminifu. Barazani mtu akisema asiyoyaona huitwa mzushi, naye asemaye "sikuwapo" hupata heshima. Mwulizaji alitaka mchezo wa mantiki, mwulizwa akadhani ameitwa kutoa ushahidi. Wote wawili walifanya vema, kila mmoja katika mchezo wake, na karatasi ikaandika alama ya mmoja tu.

Sasa tukaribie kwetu. Charles Super na Sara Harkness walikaa Kokwet, katika nchi ya Wakipsigis magharibi ya Kenya, katika miaka ya 1970. Mwaka 1977 walitoa makala ambayo jina lake lauliza kwa nini ni vigumu sana kuwapima watoto wa Kiafrika. Walitumia jaribio jepesi: mtoto alisimuliwa hadithi fupi, kisha akatakiwa aisimulie mwenyewe kwa mtu mzima. Lugha ilikuwa ya kwao. Walakini watoto wengi walinyamaza, au walitoa maneno machache sana. Wachunguzi hawakukimbilia kusema kwamba watoto hao hawana kumbukumbu. Walitazama jinsi wakubwa na wadogo wanavyosemezana nyumbani, wakaona kwamba maneno mengi ambayo mtoto huyapata kwa mkubwa ni ya kuagiza: leta hiki, peleka kile, angalia ndama. Jibu jema la maneno hayo si maneno, ni kuondoka na kutenda. Mtoto apaye mkubwa maneno marefu, hasa mkubwa asiyemzoea, hakufunzwa vema.

Hapa yafaa tufikiri kidogo juu ya swali lenyewe. Katika desturi zetu mkubwa humwuliza mtoto jambo asilolijua yeye mkubwa: baba yako yupo? mbuzi wamepita wapi? Mtoto hujibu kwa kuwa habari yatakiwa. Lakini swali ambalo mwulizaji ajua jibu lake tayari ni kitu cha namna nyingine kabisa. Mara nyingi ni karipio: "Nani amevunja mtungi huu?" Na kama si karipio ni mchezo, nao mchezo huo una mlango wake. Hatumwulizi mtu kitendawili ghafula kama mtegaji wa ndege, twasema kwanza "Kitendawili!", naye akiridhika hujibu "Tega!" Ndipo wote wawili wajuapo kwamba sasa kuuliza si kutaka habari wala si kukaripia, bali ni kushindana kwa akili. Jaribio la mchunguzi ni kitendawili kilichotegwa bila mtu kuitikia. Mtoto hajui kama ameshitakiwa, ama ametumwa, ama anachezewa. Basi anyamaza, kwa kuwa kunyamaza hakumharibii mtu jina. Mtoto wa mji wa Ulaya au wa Marekani amezoea swali hilo tangu kifuani mwa mama yake, ambaye humwonyesha picha na kumwuliza, "Huyu ni nani?" hali ajua. Yeye ameingizwa katika mchezo kabla ya kwenda shule.

Jambo la pili ni majina. Mtu akitaka kupima akili, hana budi kujua watu wenyewe wamaanisha nini wanenapo akili. Wakipsigis wana neno ng'om, nao hupambanua mtoto aliye ng'om nyumbani na aliye ng'om shuleni. Mmoja aweza kuwa huyu asiwe yule. Wachewa wa Zambia wana neno nzelu, ambalo Robert Serpell alilichunguza miaka mingi na kuliandika katika kitabu chake cha mwaka 1993. Ndani ya nzelu mna sehemu mbili: kuchenjela, yaani wepesi na werevu, na kutumikila, yaani kuaminika katika kutumwa, neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili alisikia ndugu yake ndani yake. Mwerevu asiyetumika vema, kwao si mwenye nzelu, ni mjanja tu. Wajaluo nao hutaja rieko, luoro, paro na winjo. Na katika manne hayo luoro ni heshima. Vipimo vya shule hufika kwa rieko tu, na yale mengine hubaki nje. Hata Kiswahili chetu hakikuyaweka yote katika kapu moja, kwa maana akili, busara, hekima, werevu na ujanja si neno moja lenye sauti tano.

Serpell alifanya jambo ambalo twalisifu. Badala ya kuwauliza wazee wa kijiji ni mtoto gani mwenye akili, aliwapa mambo yatokeayo kweli, akawauliza: katika haja hii ungemtuma nani? Swali hilo ni la nyumbani. Kila mzazi amekwisha kulijibu moyoni mara elfu, kwa maana asubuhi kwa asubuhi humchagua mmoja wa watoto ampe fedha na ujumbe, na mwingine hampi.

Jambo la tatu ni kutafsiri. Wachunguzi wengi siku hizi huandika maswali kwa Kiingereza, huyafasiri kwa Kiswahili, kisha humpa mtu wa pili ayarudishe katika Kiingereza, ili waone kama yamefika salama. Njia hii ni njema, lakini haitoshi. Chukua swali, "Hukwenda hospitali mwaka huu?" Mswahili ambaye hakwenda hujibu, "Ndiyo," yaani ndivyo ulivyosema, sikwenda. Mwingereza ambaye hakwenda hujibu "La". Swali limerudi salama katika Kiingereza, na majibu yameandikwa kinyume. Au chukua swali, "Una ndugu wangapi?" Mmoja atahesabu waliozaliwa tumbo moja naye, mwingine atatia na wana wa baba wadogo na wa mama wakubwa, na wote wawili wamesema kweli. Tena mwulize mgonjwa, "Hujambo?" Atasema, "Sijambo," kisha aeleze homa iliyomlaza siku tatu. Jibu la kwanza ni adabu, habari imo katika la pili. Na karatasi ya maswali yenye nafasi ya neno moja itachukua adabu na kuiacha habari. Kwa hiyo kufasiri maneno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufasiri tendo la kuuliza.

Huenda mtu akasema, basi tuache maswali, tutazame tu. Lakini wahenga walisema, mgeni ni kuku mweupe. Haingii uani asionekane. Hapa mfano mwema ni Mary Ainsworth, aliyekwenda Uganda, akawatazama watoto wachanga wa Kiganda pamoja na mama zao katika miaka ya 1954 na 1955. Alizitembelea nyumba 26 mara kwa mara, mara nyingi kila majuma mawili, akiketi kama saa mbili, pamoja na mkalimani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Kwa kurudi na kurudi kuku mweupe huzoelewa, na wenyeji huacha kujipamba kwa ajili yake. Baadaye, alipokuwa Baltimore nchini Marekani, Ainsworth alitunga jaribio la chumbani la muda wa dakika 20 hivi: mama hutoka, mgeni huingia, mama hurudi, na mtoto hutazamwa jinsi ampokeavyo. Jaribio hilo lilienea duniani kwa sababu ni jepesi na fupi. Lilipotumiwa Sapporo, Japani, katika miaka ya 1980, watoto wengi walilia bila kutulizika, nao wakaandikwa kwamba kifungo chao na mama zao kina walakini. Wataalamu wa Kijapani walieleza kwamba mtoto mchanga wa kwao huachwa na mama yake mara chache sana. Kwake chumba kile hakikuwa jambo dogo la kumshtua kidogo, kilikuwa msiba. Twaona basi kwamba lililoenea ni jaribio la dakika 20, na ile subira ya kuketi nyumba kwa nyumba, iliyolizaa, haikuenea kadiri hiyo.

Na ni nani waliochunguzwa hata sasa? Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipekua majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani, ya mwaka 2003 hadi 2007. Aliona kwamba katika kila watu 100 waliochunguzwa, 68 walikuwa wa Marekani, na 96 walikuwa wa nchi tajiri za kimagharibi, ambazo watu wake ni kama 12 tu katika kila 100 wa dunia. Wengi tena walikuwa wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionyesha kwamba watu hao si kielelezo cha wanadamu wote. Katika mambo mengi wao ndio walio mbali na wengine. Mtu akionja maji ya kisima kimoja asiseme ameonja maji ya nchi.

Yupo atakayetupinga hivi: mkisema kila watu wana desturi yao ya kuuliza na kujibu, basi hakuna kulinganisha tena, na elimu imekufa. Pingamizi hilo ni zito, lakini jibu lake lipo. Mwaka 1979 Serpell alitoa habari za watoto wa Lusaka, Zambia, na watoto wa Manchester, Uingereza. Aliwapa kazi moja ya kuiga umbo, kwa vitu mbalimbali. Walipoiga kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Walipoiga kwa waya, wa Lusaka walishinda, maana watoto wa huko hujitengenezea magari ya waya. Walipoiga kwa udongo, ambao wote wameuzoea, walikuwa sawa. Tazameni jinsi kulinganisha kulivyozidi kuwa imara! Angalitumia kalamu peke yake, angaliondoka na neno la uongo lenye hesabu ya kweli. Kwa kutumia vitu vitatu alijua kwamba tofauti ilikuwa katika mazoea ya mkono, haikuwa katika jicho wala katika akili. Basi kuijua desturi hakuui elimu. Huipa mizani ya pili ya kuisahihisha ile ya kwanza.

Sisi tufundishao twalinena jambo hili kwa uchungu, kwa sababu matunda ya vipimo hayabaki katika majarida ya wenye elimu. Huingia darasani. Mtoto aliyenyamaza mbele ya mpimaji huandikiwa kwamba ni mzito, na neno hilo humtangulia katika kila darasa. Mwalimu hamwulizi tena, naye kwa kutoulizwa huzidi kunyamaza, hata mwisho neno lililokuwa uongo hugeuka kweli. Nyumbani ndiye atumwaye na fedha. Shuleni ndiye akaaye nyuma.

Kwa hiyo twamwomba kila atakayechunguza tabia za watu katika nchi zetu, awe mgeni au mwana wa nchi aliyerudi na shahada, ayafikiri haya. Kabla ya kuuliza, asikilize majuma kadha ni nani huuliza nani, na kwa neno gani. Aulize kwa vitu vilivyozoeleka, tena si kwa kitu kimoja tu. Apatapo kunyamaza, asiandike sifuri. Aandike "alinyamaza", kwa maana hizo ni habari mbili. Akiisha kuhesabu, awarudie walioulizwa awasomee aliyoandika, wapate kusema, "Hapa hukutuelewa." Wala mwana wa nchi asidhani kwamba lugha ya mama yamtosha, mwenye kalamu na karatasi za maswali mkononi ni mgeni hata kijijini kwao, na pengine zaidi, kwa kuwa wenzake humwogopea cheo.

Kuuliza si ujinga, walisema wazee, nao walisema kweli. Walakini hawakusema kwamba kila aulizaye amekwisha kujua kuuliza. Hiyo nayo ni elimu, na walimu wake wa kwanza ni wale wale tunaokwenda kuwapima.